Ngoma ya Sosu

Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, walisema wahenga. Meshack Asare, mwandishi na mchoraji wa Ghana, alijenga kitabu kizima cha watoto juu ya upande tusioufikiria wa methali hiyo: siku hatari ikibisha hodi, nani amebaki nyumbani wa kuipiga hiyo mbiu?

Kitabu chenyewe ni Sosu's Call, yaani Mwito wa Sosu, kilichotoka Accra mwaka 1997. Sosu ni mvulana asiyeweza kutembea. Siku moja baba yake anampakia kwenye mtumbwi, na wavuvi wawili wanamwonya kwamba mtoto wa namna hiyo huleta mkosi majini. Basi Sosu anabaki uani, yeye na mbwa wake Fusa.

Hapo ndipo ufundi wa Asare unapostahili kutazamwa taratibu. Mapema kabisa ametuonyesha kijiji kilivyokaa: ukanda mwembamba wa ardhi, bahari upande huu, ziwa la maji ya pwani upande ule. Msomaji mdogo hapewi onyo lolote, lakini ameshaona kwamba maji yakipanda hakuna pa kukimbilia. Kisha watu wazima wanaondoka mmoja mmoja, huyu uvuvini, huyu shambani, kama ilivyo siku yoyote ya kazi. Wanaobaki ni wazee, wagonjwa na watoto wadogo. Upepo unapochafuka, mwandishi hahitaji muujiza. Kila kitu kilikwisha kupangwa, nasi tulikiona kikipangwa bila kushtuka.

Sosu anakumbuka ngoma za kijiji. Anatambaa kuzifuata katika upepo na maji, Fusa akiwa naye, anazifikia, anazipiga. Walio mbali wanasikia na kurudi mbio, na watu wanaokolewa.

Mwandishi mwingine angetutoa machozi hapo kwa kumhurumia Sosu. Asare hamhurumii hata mara moja. Anampa kazi, kazi ngumu inayohitaji mikono, masikio na moyo, vitu ambavyo Sosu anavyo. Wala hampi miguu mipya ili astahili kupendwa. Mwishoni anapata kiti cha magurudumu, na kijiji ndicho kinachobadilika.

Na kwa kuwa kalamu na brashi viko katika mkono mmoja, maneno yake hayabebi kazi ya picha. Mawingu, mchanga na mwili wa mtoto anayetambaa amevichora; sentensi zinabaki fupi, zinazosomeka kwa sauti bila kukata pumzi.

Mkono huo haukukomaa kwa siku moja. Asare, aliyezaliwa mwaka 1945, alisomea sanaa Kumasi na akafundisha kwa miaka mingi. Tawia Goes to Sea, kuhusu mvulana anayetamani kwenda baharini na wavuvi, kilitoka mwaka 1970. The Brassman's Secret, kilichozaliwa na vijisanamu vya shaba ambavyo Waasante wa Ghana walipimia vumbi la dhahabu, kilimpatia Tuzo ya Noma ya uchapishaji barani Afrika mwaka 1982. Sosu akamletea tuzo ya UNESCO ya mwaka 1999, kisha mwaka 2002 kitabu hicho kikaingia katika orodha ya vitabu 100 bora vya Afrika vya karne ya 20, tena miongoni mwa 12 vya juu kabisa. Mwaka 2015 Asare akawa Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya NSK Neustadt ya fasihi ya watoto, inayotolewa Marekani.

Mzazi, mwalimu, na wewe unayetaka kuwaandikia watoto: ukishika hadithi yenye mtoto mwenye ulemavu, usitafute kwanza machozi. Tafuta amepewa kazi gani. Kama hana kazi, hadithi hiyo bado imemwacha uani.