Milimita Moja

Tangu Harold Ridley alipomwekea mgonjwa lenzi bandia ndani ya jicho, London, 1949, kutolewa mtoto wa jicho kumekuwa jambo la kawaida hata kwa wazee wa Ruiru na Thika. Wachache mno hupata maambukizi baadaye. Kwa hao, daktari hufyonza maji kidogo ya ndani ya jicho, kisha hudunga dawa papo hapo, mara nyingi vankomaisini na seftazidimu. Jicho halingoji majibu ya maabara.

Ufundi ninaoustahi, lakini, uko maabara. Ndio wanaojifunza vijana wa chuo kikuu cha JKUAT pale Juja, katikati ya miji hiyo miwili.

Mtaalamu huchota bakteria walioota kutoka kwenye sampuli hiyo ya jicho, akawakoroga katika maji ya chumvi hadi ukungu wake ulingane na ule wa bomba la kipimo cha McFarland. Hulinganisha mabomba hayo mbele ya kadi yenye mistari myeusi. Akikoleza, dawa nzuri itaonekana dhaifu. Akizimua, dhaifu itaonekana nzuri. Ana dakika 15 za kuutumia mchanganyiko huo. Huchovya pamba, huikamua ukutani mwa bomba, hupaka sahani nzima ya agari, huigeuza, hupaka tena, huigeuza tena. Kwa mbali utadhani anapaka mkate siagi. Kisha hupanga vijikaratasi vya dawa. Kikishagusa agari hakisogezwi, kwani dawa imeshaanza kusambaa.

Anayeshukiwa mara nyingi ni Staphylococcus epidermidis, mkazi wa ngozi na kope zetu. Je, alikuwa ndani ya jicho, au aliingia njiani? Mtaalamu hutazama kama ameota juu ya mstari wa sampuli au kando yake, na kama ametokea katika sahani zaidi ya moja. Hapa ndipo ninapomvulia kofia.

Bakteria huyu akipimwa kwa kijikaratasi cha dawa ya sefoksitini huachwa saa 24 kamili (umeme ukikubali), ndipo rula itoke. Duara la milimita 24: sugu. La 25: dawa inamweza. Vankomaisini haihukumiwi kwa kijikaratasi hata kidogo. Kwa stafilokoka hakitofautishi bakteria sugu na asiye sugu, kwa hiyo dawa huzimuliwa hatua kwa hatua hadi kijulikane kiwango kinachozuia ukuaji.

Na sahani hupima bakteria walio wazi. Waliojikita kwenye lenzi hujifunika utando wa ute na kustahimili dawa iliyowashinda wenzao, ndiyo maana cheti cha maabara kikisoma vizuri na jicho lisipopoa, daktari huenda akalazimika kuing'oa lenzi yenyewe.