Amri ya Tarehe 25 Julai 1945: Jinsi Matumizi ya Bomu la Atomiki Yalivyoamuliwa

Katika masimulizi mengi ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kudondoshwa kwa mabomu ya atomiki nchini Japani huelezwa kuwa uamuzi wa mtu mmoja, Rais Harry Truman wa Marekani, ambaye inasemekana alipima faida na hasara kisha akatoa amri. Nyaraka za serikali za mwaka 1945 zinaonyesha mwenendo mwingine. Suala hilo liligawanywa miongoni mwa kamati kadhaa, ambazo kila moja ilijibu swali dogo lililo ndani ya uwezo wake, na lilipomfikia rais halikuwa tena swali la kutumia au kutotumia, bali mpango uliokwisha kuiva ambao ungeendelea wenyewe mpaka atokee mtu wa kuusimamisha.

Mradi wa Manhattan, jina la siri la kazi ya kutengeneza silaha hiyo, ulikuwa chini ya Jenerali Leslie Groves tangu mwaka 1942, na sehemu kubwa ya madini yake ya urani ilitoka katika mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, katika Kongo iliyotawaliwa na Ubelgiji. Truman, aliyeapishwa tarehe 12 Aprili 1945 baada ya kifo cha Franklin Roosevelt, alielezwa mradi huo kwa kina siku 13 baadaye, wakati ambapo viwanda vilikuwa vikifanya kazi na kikosi maalumu cha ndege aina ya B-29 kilikuwa mazoezini. Aidha, mpaka wa kimaadili kuhusu kushambulia miji ulikuwa umekwisha kuvukwa, kwa kuwa usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi ndege za Marekani zilikuwa zimeichoma Tokyo kwa mabomu ya moto na kuua watu wanaokadiriwa kufikia 100,000.

Swali la mahali pa kupiga lilikabidhiwa Kamati ya Shabaha, iliyokuwa na maofisa wa jeshi la anga pamoja na wanasayansi, na ambayo ilikutana mara ya kwanza tarehe 27 Aprili kisha tarehe 10 na 11 Mei huko Los Alamos, katika ofisi ya mkurugenzi wa maabara ya mradi huo, Robert Oppenheimer. Vigezo vyake vilikuwa vya kiufundi: shabaha iwe ndani ya mji mkubwa wenye kipenyo kisichopungua maili tatu, majengo yake yaweze kubomolewa na wimbi la mgandamizo, yaani msukumo wa hewa unaotokana na mlipuko, na mji wenyewe uwe haujaharibiwa na mashambulizi ya kawaida, ili athari za silaha mpya zionekane bila kuchanganyika na za zamani. Kwa sababu hiyo miji iliyochaguliwa iliondolewa katika orodha ya miji ya kuchomwa moto, na wakazi wake wakaishi miezi kadhaa katika usalama ambao chanzo chake hawakukijua. Hiroshima ilipata sifa ya ziada, kwani vilima vilivyoizunguka vilitarajiwa kulirudisha wimbi hilo ndani na kuongeza uharibifu.

Swali la namna ya kutumia bomu lilishughulikiwa na Kamati ya Muda, iliyoongozwa na Waziri wa Vita, Henry Stimson. Katika vikao vya tarehe 31 Mei na 1 Juni kamati hiyo ilikubaliana kwamba bomu litumike bila onyo, na kwamba shabaha inayofaa ni kiwanda muhimu cha kivita chenye wafanyakazi wengi na kilichozungukwa na makazi yao. Kauli hiyo iliunganisha mambo mawili yasiyopatana, kwani kwa maneno shabaha ilibaki kuwa ya kijeshi, ilhali kwa vitendo ilikuwa mji wenye raia wake. Wanasayansi wa mradi huo waliokuwa Chicago, wakiongozwa na James Franck, walipendekeza mwezi Juni kwamba silaha hiyo ionyeshwe kwanza mahali pasipo na watu, lakini jopo la wanasayansi wanne, akiwamo Oppenheimer, lilijibu kwamba halikuona onyesho lolote la kiufundi ambalo lingeweza kumaliza vita.

Eneo moja tu ndilo ambalo kiongozi wa kiraia aliingilia kati kwa nguvu. Kyoto, mji mkuu wa kale wenye mahekalu mengi, ulipendekezwa na Kamati ya Shabaha na kutetewa na Groves, lakini Stimson aliukataa kwa hoja kwamba kuuangamiza kungewajaza Wajapani chuki ya kudumu na kuwasogeza upande wa Umoja wa Kisovieti, na mwezi Julai, wakati wa mkutano wa Potsdam, Truman alimuunga mkono. Nagasaki iliingia katika orodha siku za mwisho kabisa, ingawa ilikuwa imepigwa mabomu ya kawaida na haikukidhi vizuri vigezo vya awali.

Baada ya jaribio la tarehe 16 Julai katika jangwa la New Mexico kufanikiwa, Groves aliandaa rasimu ya amri, nayo ikatolewa tarehe 25 Julai kwa saini ya Jenerali Thomas Handy, aliyekaimu nafasi ya Mkuu wa Jeshi la Marekani, George Marshall, kwenda kwa Jenerali Carl Spaatz, kamanda wa vikosi vya anga vya kimkakati. Ilielekeza bomu la kwanza lidondoshwe mara hali ya hewa itakaporuhusu shabaha kuonekana kwa macho, baada ya takriban tarehe 3 Agosti, juu ya mmojawapo wa miji minne: Hiroshima, Kokura, Niigata au Nagasaki. Kifungu chake cha pili, ambacho husahaulika, kiliagiza mabomu mengine yadondoshwe kila yatakapokuwa tayari. Hivyo amri haikuwa ya shambulio moja wala haikutaja ukomo. Tarehe, mji na idadi ya mabomu viliachiwa mawingu na kasi ya mafundi.

Tarehe 6 Agosti, saa 2:15 asubuhi, bomu la urani lililipuka takriban mita 600 juu ya Hiroshima. Kimo hicho kilikusudiwa, kwa kuwa wimbi linaloteremka hugonga ardhi, hurudi juu na kuungana na lile la kwanza, na hivyo eneo la majengo yanayobomoka hupanuka. Bomu la pili, la plutoni, lilipangwa kwa tarehe 11, lakini utabiri wa mawingu uliwafanya wakuu waliokuwa Pasifiki kulisogeza hadi tarehe 9 bila kuhitaji idhini mpya ya rais. Rubani Charles Sweeney alifika kwanza Kokura, akapita juu yake mara tatu bila shabaha kuonekana, na huku mafuta yakipungua akaelekea Nagasaki, ambako bomu liliangukia bonde la Urakami, takriban kilomita tatu kutoka mahali palipokusudiwa. Asubuhi hiyohiyo viongozi wa Japani walikuwa kikaoni wakijadili uvamizi wa majeshi ya Kisovieti huko Manchuria, ulioanza saa chache kabla; muda wa kuipima athari ya bomu la kwanza haukuwa umewekwa popote katika amri.

Inakadiriwa kwamba hadi mwisho wa mwaka 1945 watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa Hiroshima na wapatao 70,000 Nagasaki. Tarehe 10 Agosti Groves aliripoti kwamba bomu la tatu lingekuwa tayari kutumika baada ya tarehe 17 au 18, na siku hiyohiyo Marshall akaandika juu ya ripoti hiyo kwamba lisidondoshwe bila idhini bayana ya rais. Truman aliliambia baraza lake la mawaziri kwamba amesimamisha mashambulizi ya atomiki, kwa kuwa wazo la kuwafuta watu wengine 100,000 lilikuwa la kutisha mno.

Mfululizo huu unaonyesha kwamba kila kamati ilitimiza wajibu wake kwa uangalifu, na kwamba uangalifu huo wa vipande ndio uliolifanya swali kuu lisiulizwe na kamati yoyote. Kanuni kwamba silaha ya nyuklia ya Marekani haitumiki ila kwa neno la rais, ambayo mwaka 1948 iliingizwa katika sera ya Baraza la Usalama wa Taifa, haikuwapo Hiroshima ilipopigwa wala Nagasaki ilipopigwa. Chimbuko lake ni agizo la tarehe 10 Agosti, na hilo lilikuwa agizo la kuzuia.