Mpelelezi Hajafika Mbwawa

Riwaya ya upelelezi katika Kiswahili ina umri wa zaidi ya miaka sitini, nayo bado yaamini jambo moja ambalo mkazi wa kata ya Mbwawa, huko Kibaha, ataliona geni: kwamba mhalifu hajulikani.

Tazama ilivyoanza. Mzimu wa Watu wa Kale ya Bwana Muhammed Said Abdulla, iliyotolewa 1960, yajengwa juu ya maiti na fumbo, na Bwana Msa na kiko chake ndiye alifumbuaye. Bwana Faraji Katalambulla, katika Simu ya Kifo (1965), alilihamisha fumbo mpaka Dar es Salaam na kumkabidhi Inspekta Wingo. Bwana Elvis Musiba naye akampa Willy Gamba bastola na Afrika nzima. Hawa watofautiana kwa mengi (Bwana Msa, kwa maoni yangu, awapita wenzake mbali, maana ana akili na mzaha pia), lakini wote wasimama juu ya msingi mmoja: uovu una mwenyewe, na akishatajwa, hata akiwa ndani ya ofisi, mambo hutengenea.

Sasa tumpeleke mpelelezi huyo Mbwawa, katika mji wa Kibaha, mahali ambapo shamba la mikorosho la jana ni kiwanja cha leo. Uhalifu wa pembezoni mwa jiji mara nyingi hauna kisu wala giza. Ni kiwanja kimoja kuuziwa watu wawili au watatu, na kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Yataka dalali wa kuleta mnunuzi, mtu wa kujiita mwenye ardhi, shahidi wa kutia sahihi, na muhuri. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya 1999, yaitaka halmashauri ya kijiji ipate idhini ya mkutano mkuu kabla ya kugawa ardhi. Na kijiji kikishageuka mtaa wa mji, mwenyekiti hana tena mamlaka ya kugawa. Lakini muhuri anao, na mnunuzi hutazama muhuri, hatazami sheria. Bwana Msa atapeleleza nini hapo? Majirani wawajua wahusika kwa majina. Lililofichika ni nani atakayethubutu kusema mkutanoni, na akishasema ataishi na nani.

Waliolikaribia jambo hili si waandishi wa upelelezi. Marehemu Euphrase Kezilahabi, katika Dunia Uwanja wa Fujo (1975), alimfanya Tumaini amwue kiongozi kwa ajili ya shamba. Ni vigumu kuisoma bila kukumbuka mauaji ya Dkt. Wilbert Klerruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, huko Isimani, siku ya Krismasi ya 1971. Walakini hata huko hasira ni ya mtu mmoja. Marehemu Profesa Chachage Seithy Chachage alikwenda mbali zaidi katika Makuadi wa Soko Huria, alipouchukua mradi wa kamba wa delta ya Rufiji na kutuonyesha genge lisilohitaji kujificha. Kosa lake ni kuhubiri: wahusika wake mara nyingi husema kama wahadhiri, nasi wahadhiri twajua jinsi hayo yachoshavyo.

Na mkoa huu wa Pwani umekwisha kutoa kisa kizito kuliko riwaya zote hizi. Katika wilaya za Kibiti, Mkuranga na Rufiji waliuawa viongozi wa vijiji na makada wa chama tawala, mmoja baada ya mwingine. Tarehe 13 Aprili 2017 waliuawa askari polisi wanane kwa mara moja. Novemba mwaka huo mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyekuwa akiandika juu ya mauaji hayo, alitoweka huko Kibiti. Aliyetafuta jibu ndiye aliyepotea. Riwaya ya upelelezi, kama tulivyoirithi, haina nafasi ya kisa cha namna hii, kwa kuwa sura yake ya mwisho yadai jibu.

Mwandishi atakayeiandika Mbwawa hana budi kuliacha kiko na bastola, akalifungua daftari la mihtasari ya mikutano ya mtaa. Humo atakutana na maneno mawili ambayo wahakiki twayapita bila kuyasoma: “wajumbe waliridhia.” Waliridhia wangapi, na kalamu alikuwa ameishika nani?