Hambaga Katika Mizani

Ukimwuliza mtu ni hambaga ipi iliyo bora, kwa kawaida atakujibu kwa jina la duka. Hatakueleza habari za nyama wala za mkate, wala hatakuambia alilipa kiasi gani akapata nini. Atataja jina, kisha atanyamaza kana kwamba hukumu imekwisha kutolewa. Katika insha hii, ewe msomaji, yafaa tufanye kinyume cha hayo. Tutazitwaa hambaga chache zilizo mashuhuri katika Marekani, nchi ambayo iliufanya mlo huu kuwa biashara ya haraka na ya watu wengi, tuzipime kwa mambo matatu: ladha, bei na thamani. Hatufanyi hivyo kwa kuwa hambaga ni chakula kitukufu. Twafanya hivyo kwa kuwa mtu asiyeweza kuhukumu kitu kidogo alichokishika mkononi atapata taabu siku atakapotakiwa kuhukumu kikubwa.

Kwanza tujue tunachokipima. Hambaga ni nyama ya ng'ombe iliyosagwa, ikafanywa kipande bapa, ikapikwa na kutiwa kati ya nusu mbili za mkate wa mviringo. Jina lake latokana na mji wa Hamburg ulioko Ujerumani. Wale wanaodhani kwamba latokana na nyama ya nguruwe wamedanganywa na mlio wa neno. Mwaka 1921, katika mji wa Wichita, jimbo la Kansas, duka la White Castle lilianza kuuza hambaga ndogo kwa senti 5. Mwaka 1948 ndugu wawili, Richard na Maurice McDonald, waliugeuza mkahawa wao wa San Bernardino, California: waliondoa sahani na wahudumu, wakapunguza aina za vyakula, wakauza hambaga kwa senti 15. Mwaka 1957 Burger King ya Miami ilileta hambaga kubwa iitwayo Whopper kwa senti 37. Mwaka 1967 Jim Delligatti, mwenye mikahawa ya McDonald's katika Pennsylvania, alibuni Big Mac, na mwaka uliofuata ikauzwa Marekani nzima. Wendy's ilifunguliwa mwaka 1969 katika mji wa Columbus, Ohio. Mwisho, mwaka 1971, McDonald's ilianza kuuza huko California hambaga iitwayo Quarter Pounder, yaani ya robo ratili.

Sasa tuanze na ladha. Wako wasemao kwamba ladha haina hoja, kila mtu na ulimi wake. Neno hilo lina ukweli, lakini ukweli wake ni nusu. Ni kweli kwamba siwezi kukulazimisha kupenda achari. Lakini twaweza wote wawili kusema ladha fulani yatoka wapi, na hiyo ndiyo kazi ya mhakiki. Hambaga ya White Castle hupikwa juu ya vitunguu, na kipande chake cha nyama kina vitundu 5 ili mvuke wa vitunguu upite ndani yake. Basi anayeila hula kitunguu kwanza, nyama baadaye. Big Mac ina vipande viwili vyembamba vya nyama, jibini, saladi iliyokatwakatwa, matango ya siki, na mchuzi wake wa pekee. Ukiuondoa mchuzi ule, Big Mac imeondoka. Nyama yake ni kama ngoma inayofuata zumari: husaidia, lakini haiongozi. Whopper, kwa upande wake, huchomwa juu ya moto wa wazi, na kwa hiyo hubeba harufu ya moshi. Tena hutiwa nyanya mbichi, saladi, kitunguu na mayonezi. Hiyo ni hambaga ya ubichi na moshi. Quarter Pounder na hambaga ya Wendy's huiacha nyama iseme yenyewe. Nyama ya Wendy's ina umbo la mraba, na pembe zake hutokeza nje ya mkate ili mnunuzi aione kabla hajauma.

Ukinitaka hukumu juu ya ladha, nitasema hivi: Whopper ikiliwa ingali moto yaishinda Big Mac, kwa kuwa ndani yake kila kitu chatambulikana, moshi ni moshi na nyanya ni nyanya. Lakini ikikaa muda kidogo huharibika upesi kuliko mwenzake, kwa sababu nyanya hutoa maji na mkate huloa. Big Mac huvumilia zaidi. Anayelinganisha moja iliyotoka jikoni sasa hivi na nyingine iliyosafiri nusu saa ndani ya mfuko hakupima hambaga, amepima safari.

La pili ni bei. Bei yaonekana kuwa jambo rahisi, kwa kuwa imeandikwa ukutani kwa tarakimu. Hata hivyo, tarakimu peke yake ni bubu. Senti 15 za mwaka 1948 hazikuwa na nguvu sawa na senti 15 za leo, na bei ya mji mmoja si bei ya mji mwingine. Jambo hili lajulikana sana hata gazeti la The Economist la London, tangu mwaka 1986, hulinganisha bei ya Big Mac katika nchi mbalimbali ili kupima nguvu ya fedha za nchi hizo. Hambaga ni moja, lakini bei zake ni nyingi. (Kenya haiwezi kuingia katika hesabu hiyo, kwa kuwa McDonald's haijafungua mkahawa hapa kwetu.) Basi mtu akikuambia kwamba hambaga fulani ni rahisi, hapana budi umwulize: rahisi wapi, lini, na kuliko nini? Wahenga walisema, rahisi huvunja upishi. Hawakusema kwamba kila kilicho ghali hutengeneza upishi.

La tatu, na ndilo zito, ni thamani. Ili kuijua thamani lazima bei ilinganishwe na kile kilichomo. Tuitazame nyama, kwa kuwa ndiyo sehemu iliyo ghali. Ratili moja ni karibu gramu 454. Tangu zamani McDonald's hukata ratili moja ya nyama katika vipande 10 vya hambaga ndogo, yaani gramu 45 kila kimoja. Big Mac ina vipande viwili vya aina hiyo, basi nyama yake ni karibu gramu 90. Whopper ina robo ratili, karibu gramu 113. Quarter Pounder nayo, tangu ilipoongezwa kidogo mwaka 2015, ina karibu gramu 120. Uzito huu wote ni wa nyama kabla ya kupikwa, kwa kuwa moto hupunguza maji na mafuta.

Je, waona jambo la ajabu? Big Mac, ambayo kwa macho ni ndefu kuliko zote, ndiyo yenye nyama chache katika hizo tatu. Urefu wake umetokana na kipande cha tatu cha mkate kilichotiwa katikati. Simshtaki aliyeibuni, mkate ule huizuia isianguke, na mnunuzi hakufichwa kitu. Lakini jicho limeona ghorofa, likadhani ni wingi wa nyama. Mwaka 1984 Wendy's waliligeuza jambo kama hilo kuwa kichekesho katika tangazo la televisheni: bibi mzee, Clara Peller, alitazama mkate mkubwa wenye kinyama kidogo katikati, akauliza kwa hasira nyama iko wapi. Marekani nzima ikalirudia swali lake. Lilikuwa tangazo la biashara, nalo lilitaka fedha za watu. Hata hivyo swali lenyewe ni jema, na kila mnunuzi afaa kulibeba.

Sasa nitakupa kisa kimoja ambacho ndicho kilichonifanya niandike insha hii. A. Alfred Taubman, tajiri wa Marekani aliyeinunua mikahawa ya A&W mwaka 1982, alikisimulia katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 2007. A&W walitaka kuishinda Quarter Pounder. Wakatengeneza hambaga yenye thuluthi ya ratili ya nyama, wakaiuza kwa bei ile ile ya robo. Watu walipoonjeshwa waliipenda ladha yake kuliko ya mshindani. Ladha ilikuwa bora, bei ilikuwa sawa, nyama ilikuwa zaidi. Hata hivyo haikununuliwa vya kutosha. Wenye mikahawa wakaita wanunuzi ili wawaulize sababu, na wengi wakajibu kwa swali: kwa nini tulipe bei moja kwa nyama iliyo pungufu? Walikuwa wameona 1/3 na 1/4, wakadhani kwamba kwa kuwa 4 ni kubwa kuliko 3, robo ni kubwa kuliko thuluthi.

Usiwacheke upesi, msomaji. Wewe umefundishwa kwamba ratili ikikatwa mafungu 3, kila fungu ni karibu gramu 151, na ikikatwa mafungu 4, kila fungu ni gramu 113 tu. Nao walifundishwa hivyo hivyo shuleni mwao. Walichokosa si somo, bali desturi ya kulitumia somo nje ya mlango wa darasa. Tuna methali isemayo kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kisa hiki chatuonya kwamba kizuri hakijiuzi pasipo mnunuzi ajuaye kukitambua. Penye wanunuzi wasiopima, kizuri hukaa rafuni mpaka kikaondolewa, na wote hupata hasara, muuzaji na mlaji.

Basi hukumu yangu ni hii. Atakaye nyama kwa fedha yake na achague Quarter Pounder au ya Wendy's, mradi bei zake zisizidi uzito wake. Atakaye mlo wenye vitu vingi vinavyotambulikana, achague Whopper, tena aile pale pale. Big Mac naiweka nyuma kwa thamani, ingawa sioni ajabu kwamba wengi huipenda, kwa kuwa mchuzi wake umetengenezwa kwa ustadi. Hambaga ndogo ya White Castle haifai kupimwa na hizo kubwa. Ilizaliwa kwa ajili ya mtu mwenye senti 5 na njaa ya saa ile, na katika kazi hiyo ilifaulu.

Usiikubali hukumu hii kwa kuwa imechapishwa kitabuni. Ijaribu. Burger King ilifungua mkahawa Nairobi mwaka 2016, na maduka mengine mengi ya miji yetu huuza hambaga za namna zao. Mkiwa wenzi watatu au wanne, nunueni mbili za maduka mbalimbali kwa saa moja, mzikate vipande, mmoja wenu azifiche karatasi zake na kuzipa namba, na wengine waonje bila kujua ni za nani. Kisha fanyeni hesabu. Tuseme duka moja lauza hambaga yenye gramu 90 za nyama kwa shilingi 450, na la pili lauza yenye gramu 120 kwa shilingi 540. La kwanza laonekana rahisi, lakini kila gramu yake ni shilingi 5. Ya duka la pili ni shilingi 4 na senti 50. Iliyo ghali ndiyo rahisi. Na muuzaji akikuongezea soda na viazi vya kukaanga ili bei ionekane njema, jiulize kwanza kama ulikuwa na haja navyo.

Ukiisha kujizoeza hivyo, hutaona hambaga peke yake. Utaona kwamba daftari lina idadi ya kurasa, sabuni ina uzito, na unga una kipimo, na kwamba maandishi makubwa yaliyo mbele ya pakiti mara nyingi husema jambo moja, na maandishi madogo yaliyo nyuma husema jingine. Soma yote mawili, kisha ndipo ufungue mkoba wako.