Guix: kila mtu na vyombo vyake, lakini nani atalipa mega?

Wandugu, kila msimu wa memwari kilio ni kile kile: « Skripti yangu ilitembea jana, leo imekataa. » Mara nyingi hakuna virusi wala uchawi. Mashini ni moja, watu ni wengi. Mmoja amepandisha toleo la R juu kazi yake ilidai hivyo. Mwenzake aliyetegemea toleo la zamani njo anabaki na shida.

Kwa sisi wa agronomia hiyo si jambo dogo. R 3.6.0, mwaka 2019, ilibadilisha namna sample() inachagua. Maana yake: ukipanga viwanja vya jaribio la muhogo kwa kura, ukaandika set.seed na namba ile ile, toleo la zamani na la mpya zinaweza kukupa mipango miwili tofauti. Mwaka 2020, R 4.0.0 ikaacha kugeuza maneno ya faili kuwa fakta yenyewe. Safu yako ya T1, T2, T3 inasomwa kama maandishi tu, na levels() inakujibu NULL. Basi mtu akikuuliza mbele ya jury « onyesha tena », utaonyesha nini?

Guix inaleta jibu nzuri. Ludovic Courtès aliitangaza mwaka 2012, akichota wazo ndani ya Nix, ile Eelco Dolstra alieleza katika tezi yake ya udaktari kule Utrecht, mwaka 2006. Unaandika amri guix install r, na R inaingia kwenye profili yako peke yako. Huombi paswadi ya msimamizi, na jirani haguswi. Watu wawili wakitaka kitu kile kile kabisa, kinakaa mara moja tu kwenye diski. Ukijuta, guix package --roll-back inakurudisha hali ya mbele. Linganisha na ILRI, Nairobi: kwenye mashini yao kubwa ya hesabu, mtafiti anaita programu kwa module load. Matoleo mengi yanakaa pamoja, sawa, lakini msimamizi njo anayaweka. Hapa mwenye kazi anajipangia.

Zaidi ya hapo, faili mbili fupi zinatosha: moja inataja programu zako, ingine inataja toleo la Guix lenyewe. Ukizitia nyuma ya memwari, mtu wa miaka ijayo anaweza kuomba vyombo vile vile kwa guix time-machine. Kwangu hiyo inapita kurasa kumi za « metodolojia ».

Sasa lawama. Ya kwanza: Guix inaishi kwenye Linux. Wengi wetu tuko na Windows. Na hata kwenye Linux, siku ya kuiweka mara ya kwanza lazima msimamizi akuwepo. Uhuru unakuja nyuma tu.

Ya pili ni mega. Hapa Mikelenge mtu ananunua forfe kidogo-kidogo, na guix pull moja inaweza kuimaliza. Kama seva haina tena kitu kilichojengwa tayari, mashini inaanza kujenga yenyewe kutoka kodi ya asili, masaa na masaa. Nani ako na umeme wa masaa hayo? Hali za zamani nazo zinajaza diski mpaka uzifute na kupiga guix gc.

Wengine watasema: tumia conda. Ni kweli, inatembea kwenye Windows. Lakini angalia mlango unaoingilia: tangu 2020 kampuni ya Anaconda inadai malipo kwa mashirika yenye watu zaidi ya 200, wakati conda-forge ni ya bule. Na orodha kamili uliyotoa kwenye Windows haiingii hivi-hivi kwenye Linux.

Uamuzi wangu: mwenye mashini yake ya Windows achukue conda kupitia conda-forge, na orodha ya matoleo aichape ndani ya memwari. Lakini chumba cha mashini cha fakilte, kile tunatumia kwa zamu, kinastahili Guix. Mashini moja inashusha mara moja, kisha kwa guix publish inagawia zingine kupitia waya wa ndani, bila mega ingine. Msimamizi anakubali ufunguo wake tu. Mtu wa mbali apewe guix pack juu ya klee USB, kama mashini yake ni ya Linux.

Shida ya Guix si wazo. Shida ni kwamba njia inayofaa kwetu, ile ya kugawana, mgeni anaikuta mwisho, nyuma ya kumaliza mega zake. Wenye kufundisha waanzie hapo.