Yona Kando ya Moto

Katika karne ya 17 wafinyanzi wa Delft, Uholanzi, waliiga vyombo vya Kichina vyeupe vyenye michoro ya buluu, vile ambavyo pwani yetu vilipachikwa kwenye makaburi ya Kunduchi. Udongo wao ulikuwa wa kawaida. Weupe ulitokana na bati, buluu ikatokana na kobalti.

Hapa tunapima vigae vyao vya ukutani vyenye visa vya Biblia. Kigae kimoja kina upana wa sentimita 13 hivi. Yona anatapikwa na samaki, Eliya analishwa na kunguru, mwanamke Msamaria yuko kisimani. Vingine vimeandikwa sura na mstari chini ya picha. Wakalvini wa huko walikuwa wameondoa picha makanisani. Zikahamia nyumbani, kando ya moto.

Mwaka 1525 Luther aliandika akitamani Biblia nzima ichorwe kwenye nyumba, ndani na nje. Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 nayo aliielekeza kwa mwenye nyumba, awafundishe jamaa yake. Tuseme kwa utani wa kindugu: waliomsikia vizuri ni Wakalvini.

Kama sanaa, vigae hivi havilingani. Mchoraji alipitisha vumbi la mkaa kwenye karatasi yenye matundu, kisha akafuata alama kwa burashi. Basi Yona yuleyule hurudiwa na kurudiwa, na kwa mkono usio hodari anafanana na mtu aliyeteleza matopeni. Miti na nyumba za Kiholanzi nyuma yake hazituudhi. Walisimulia Neno kwa mandhari waliyoyajua. Kinachotusumbua ni mazoea: kisa kikirudiwa kama ua la kitenge, jicho hupita bila kusoma.

Nguvu ya kigae iko mahali kilipowekwa. Mtoto anayeota moto huuliza, "Huyu ni nani?" na mzazi hana pa kukimbilia. Hapa Ufipa, baridi ya Juni na Julai hutukusanya jikoni kuzunguka mafiga. Kuta zetu za tofali za kuchoma zina nini? Kalenda ya mwaka juzi, timu ya mpira, picha ya mgombea. Kufundisha tumewaachia walimu wa shule ya Jumapili na wa kipaimara, nasi wachungaji tumeridhika hivyo.

Udongo tunao, wafinyanzi tunao. Tungefurahi kuona usharika mmoja ukiwaomba wachore kisa kimoja tu cha kuwekwa jikoni. Aanze Yona, na samaki wake awe sangala wa Ziwa Tanganyika.