Kuinyamazisha Betri

Chora betri mbili, moja ya volti 12 na nyingine ya volti 6, kila moja na rezista yake ya omu 2. Ziunganishe sambamba, chanya kwa chanya, kisha katikati yake weka rezista ya tatu, nayo ya omu 2. Mkondo wa ampea ngapi unapita katika hiyo ya katikati?

Napenda kulijibu swali hili kwa kanuni ya superposisheni, yaani kuzisikiliza betri moja moja. Nyamazisha ya volti 6, kokotoa. Nyamazisha ya volti 12, kokotoa tena. Kisha jumlisha, ukichunga kila mkondo unaelekea wapi.

Ufundi wote umo katika kule kunyamazisha. Betri haing'olewi ikaacha pengo. Mahali pake huwekwa waya mtupu, kwa sababu volti sifuri ni waya. Anayeikata atapata ampea 3 na 1.5, jumla 4.5, na atakuwa amekosea. Ukiweka waya, betri kubwa inakutana na omu 3 na kutoa ampea 4. Nusu yake, yaani 2, inapita katikati. Ndogo inapitisha 1. Jumla ni 3.

Sasa tazama upande wa betri ndogo, maana hapo ndipo mimi husimama kila mara. Yenyewe inasukuma ampea 2 zitoke. Kubwa inasukuma ampea 2 ziingie. Zinafutana. Betri ile haitoi mkondo wowote, na bado ndiyo iliyoongeza ampea 1 pale katikati, kwa kuuzuia tu mkondo wa mwenzake usipotelee kwake.

Hermann von Helmholtz, daktari wa Kijerumani, aliieleza kanuni hii mwaka 1853, wakati akichunguza umeme wa misuli na neva.

Ina mipaka yake. Ukiweka diodi, kanuni haifanyi kazi, kwa kuwa mkondo wa diodi hauongezeki kwa uwiano na volti. Wati nazo hazijumlishwi: rezista ya katikati inapata wati 8 kwa betri moja na 2 kwa nyingine, lakini zikiwa pamoja inapata 18.

Haya, igeuze betri ndogo, hasi iwe juu. Usianze hesabu upya. Badilisha alama tu: 2 toa 1, ampea 1.